Farasi sherifu na punda wake Baba Looey

SWALI: Dada mhariri habari za kazi. Mjomba wao katuletea flashi ina katuni za zamani, sasa mapacha wangu hawabanduki kwa yule farasi sherifu Quick Draw McGraw. Nauliza mawili. Yule punda wake kwanini anaitwa Baba Looey, ndo baba yake? Na mbona mwili umeganda unacheza mdomo tu, flashi mbovu au? (Mama Mapacha, Morogoro)

JIBU: Nzuri tu mama, flashi yako nzima kabisa.

Siyo baba yake, na hiyo "baba" wala siyo ya kwetu. Jina wamelichezea kutoka Babalú, wimbo ambao Wamarekani waliuzoea kwa Desi Arnaz, mwanamuziki na muigizaji mzaliwa wa Cuba, ndo maana hata punda anaongea kwa lafudhi ya Kihispania. Na huyo mdogo ndo mwenye akili pale, mtego anauona mapema, akitaka kusema bosi anamkatiza kwamba wa kufikiri hapa ni mimi, halafu anaingia kichwakichwa bastola inamlipukia usoni mwenyewe.

Kuhusu mwili kuganda, hiyo ni habari ya hela. Waliomtengeneza farasi huyo, William Hanna na Joseph Barbera, ni walewale wa Tom and Jerry, studio ya katuni ya MGM ilipofungwa 1957 wakahamia kwenye TV ambako bajeti ilikuwa ndogo mno, kuchora mwili mzima upya kila hatua isingewezekana. Wakawa wanachora mwili kwenye plastiki moja unabaki hivyohivyo, kichwa na mdomo kwenye plastiki nyingine ndo vinabadilishwa. Muangalie shingoni, kile kitambaa alichofunga kinaficha pale vinapoungana! Yule dubu wao Yogi Bear naye kola na tai ni kwa sababu hiyohiyo.

Mwili ukitulia kazi yote inabaki kwa sauti, na hapa ndo nawapenda kweli, maana farasi, punda na yule mbwa Snuffles wote ni mtu mmoja, Daws Butler. Fumba macho usikilize, utaapa wako watatu.

Halafu ilianza 1959, TV za Marekani zimejaa cowboy kila kona, kwahiyo kila ujasiri uliokuwa unasifiwa kule huku wameugeuza kichekesho. Farasi akivaa kinyago anakuwa El Kabong, anashuka na kamba toka juu anampasulia jambazi gitaa kichwani, kabooong! Mapacha wasilijaribu hilo tu tafadhali.

Ila kwangu mimi bora kuliko wote ni Snuffles. Hafanyi kazi mpaka apewe biskuti, akishaitafuna anajikumbatia mwenyewe, anaruka juu hewani, halafu anashuka taratiiibu kama unyoya huku anahema kwa raha. Mistari michache tu ya penseli ile, na raha yake unaisikia mpaka kwenye kochi.