Re: Kwa nini reli nyepesi ikijaa wasiongeze tu mabehewa?

Mkuu, hesabu ya uwezo wa njia, yaani abiria inaoweza kubeba kwa saa, ni nyepesi: abiria wa treni moja, zidisha kwa idadi ya treni kwa saa. Treni ya watu 250 ikipita kila dakika 3, unapata 5,000 kwa saa kila upande. Metro, yaani treni ya mjini yenye njia yake pekee, mara nyingi chini ya ardhi, ikiwa ya watu 1,000 kila dakika 2 inafika 30,000.

Sasa hayo mabehewa ya kuongeza. Reli nyepesi nyingi hupita barabarani, kwa hiyo treni ikizidi urefu wa kipande kati ya makutano mawili, ikisimama tu, mkia unaziba njia panda. Ukizipitisha mara nyingi zaidi, taa za barabarani zinakukwamisha.

Metro haina habari na hayo. Adui yake ni mlango: wanaoshuka wanagongana na wanaopanda, mmoja anazuia mlango kwa begi, sekunde 25 za kusimama kituoni zinakuwa 50, na treni ya nyuma inangoja handakini. Ndiyo maana mimi naivulia kofia Victoria line ya London, treni 36 kwa saa wakati wa msongamano.

Na ukitajiwa "uwezo" wa njia, uliza kwanza: wamehesabu watu 4 au 6 waliosimama kwa kila mita ya mraba?