Benchi la ufundi likianza kufoka: kwa mwamuzi mpya

Wewe uliyemaliza kozi ya uamuzi wa soka juzi na sasa unapangiwa mechi za huku Mwanza, Ilemela, Nyegezi au Sengerema, Sheria 17 unazijua. Mtihani umefaulu, mbio umekimbia, filimbi unayo. Ambacho kozi haikupi nafasi ya kukijaribu ni kuchezesha huku watu kumi waliokaa hatua chache kutoka mstarini wakikusemesha dakika 90 nzima.

Mashabiki hawatakusumbua sana. Hapa kwetu watu hupanda juu ya mawe wakatazama mpira, na kelele zao zikikufikia uwanjani zimeshachanganyika, hutengi neno na neno. Benchi ni habari nyingine. Linakuita kwa jina. Linajua umetoka mtaa gani na nani alikufundisha. Tena linachagua kusema mpira ukiwa umesimama, wakati huna kazi nyingine ila kusikia.

Cha kwanza cha kuelewa ni kwamba kocha anayefoka hapiganii uamuzi uliopita. Anajua sawa na wewe kuwa mchezo ukishaanzishwa tena, sheria haikuruhusu kubadili uamuzi huo. Anapigania tukio lijalo: ile rafu ya utata dakika kumi mbele, beki na mshambuliaji wakigombea mpira mmoja na wewe hujaona vizuri nani kamgusa mwenzake. Hapo anataka ukumbuke sauti yake kabla ya kukumbuka sheria. Ukilielewa hilo, hata hasira zinapungua, kwa sababu unaona mtu anafanya kazi yake, na wewe una yako.

Dalili kwamba amekuingia utaziona mwenyewe ukijichunguza wakati wa mapumziko. Mkono wa begani ambao dakika ya 15 uliuacha upite, dakika ya 40 umeupulizia. Au umetoa kadi ya njano kwa rafu nyepesi, na moyoni unajua umeitoa kwa sababu upande wa pili ulikuwa unadai. Hiyo ndiyo filimbi ya kufidia, na ndiyo inayoua mechi. Benchi lililofidiwa linajua kwamba kelele zinalipa. Benchi la pili nalo limeona, linaanza kupiga zake. Kufika dakika ya 60 una mabenchi mawili yamesimama na wachezaji 22 ambao hawajui tena rafu ni ipi.

Waamuzi wengi wakongwe watakushauri utie pamba masikioni (simaanishi Pamba Jiji, timu ya Mwanza). Mimi sikubaliani nao. Katika maneno ya benchi kuna ambayo unayahitaji: mchezaji ameanguka nyuma yako, jezi ya mtu ina damu, anayeingia hajasubiri anayetoka. Ukizoea kutosikia chochote, siku hiyo na hilo hutalisikia. Kazi yako ni kuyachambua maneno yakiwa bado hewani.

"Aaah, refa!" ni pumzi tu. Iache ipite. Mtu ameinuka, ametupa mikono, amekaa. Ukimwendea huyo umemfanya shujaa bure.

Swali nalo si kosa. "Refa, ile mbona faulo?" Ukipita karibu na mstari mpe maneno mawili: "Alimvuta jezi." Usisimame, usieleze kwa mikono, usimalizie kwa "umeelewa?" Mara nyingi huyo anakaa, kwa sababu alitaka kujua tu kama uliona. Akiuliza mara ya nne hilo si swali tena, na hapo ngazi ya adhabu inaanza.

Ngazi yenyewe ujue vizuri, maana makocha wengi wa mtaani bado wanaamini kadi ni za wachezaji. Tangu msimu wa 2019/20 Sheria za mchezo zinamruhusu mwamuzi kumwonyesha kadi ya njano au nyekundu kiongozi yeyote wa timu aliye kwenye benchi. Kupinga kwa maneno mepesi ni onyo la mdomo. Kupinga kwa wazi, kutupa au kupiga teke chupa ya maji, kukupigia makofi ya kejeli, kudai kadi kwa ishara mara kwa mara, kutotii waziwazi au mara kwa mara mipaka ya eneo la ufundi (sehemu ya benchi iliyochorewa mstari): hayo ni njano. Kutoka kwenye eneo hilo kwa makusudi ili kukupinga, kuingia uwanjani kukukabili, kutukana: nyekundu. Mamlaka ya kuadhibu unayo tangu unapoingia uwanjani kuukagua kabla ya mechi hadi unapotoka baada ya mechi, kwa hiyo anayekusubiri mapumziko njiani kwenda kubadilisha nguo bado yuko mikononi mwako. Kuna jambo moja la daktari wa timu. Hata akistahili nyekundu, kama timu haina mtu mwingine wa tiba, anaruhusiwa kubaki ili amhudumie mchezaji akiumia. Liseme hilo mapema, maana benchi likisikia "daktari kabaki" litadhani umeogopa.

Sasa neno gumu. "Refa umekula ngapi?" Mechi za ndondo za huku, yaani za mashindano ya mtaani, ambako mshindi anaondoka na dume la ng'ombe na wa pili na mbuzi, utalisikia kabla hujatoa hata uamuzi wa maana. Wengi wanaliacha kwa kuwa huku kwetu utani ni mila. Kweli ni mila. Mtani wako akikuita mwizi msibani mnacheka wote na maiti anazikwa kwa amani. Lakini kocha anayesema umehongwa, mbele ya wachezaji wake na ndugu zao waliozunguka uwanja, hatanii: amewapa watu sababu ya kukufuata mechi ikiisha. Maneno hayo ni matusi dhidi ya heshima yako na adhabu yake ni nyekundu. Usimjibu kwamba hujala. Usimwambie athibitishe. Kadi, jina kwenye kitabu chako, subiri aondoke, mpira uendelee.

Na kama hukuona nani kasema? Benchi lina watu kumi, umegeuka, wote wanatazama angani. Katika beisiboli, ambako makocha na wachezaji wa akiba hukaa kwenye kibanda kando ya uwanja, kanuni inamtaka mwamuzi alionye kwanza benchi linalompinga kwa fujo. Likiendelea anawatoa wahusika, na asipoweza kuwatambua anaweza kuwaondoa wachezaji wa akiba wote. Sisi hatuna rungu kubwa hivyo, ila tuna dogo linalofanya kazi vizuri: mkosaji asipojulikana, adhabu anabeba kocha mwandamizi aliyepo kwenye eneo la ufundi. Mwambie hivyo kabla ya mechi, kwa upole, wakati wa kukagua vitambulisho: "Mwalimu, nisipomwona aliyesema, jina litakalokuja ni lako." Utashangaa atakavyowanyamazisha watu wake mwenyewe.

Kuhusu lugha: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, tusi ni tusi. Kama huielewi, mwulize msaidizi wako anayeielewa, tena papo hapo. Usitoe kadi kwa sababu watu wamecheka tu.

Viwanja vyetu vingi havina vibanda vya benchi. Kuna fomu moja ya kukalia, ya kukopwa shuleni, imewekwa chini ya mwembe, na kocha anatembea kutoka kibendera cha kona hadi katikati. Dawa yake ni kuchora eneo la ufundi kabla timu hazijapasha misuli. Sheria inataka mstari upite mita 1 kila upande wa viti na uishie mita 1 kabla ya mstari wa pembeni. Chokaa ikikosekana, majivu yanatosha. Kocha ambaye hana mpaka hawezi kuambiwa ameuvuka. Kumbuka pia kwamba wanaruhusiwa wengi kukaa, lakini anayesimama kutoa maelekezo awe mmoja kwa wakati mmoja. Nusu ya kelele zote hutoka kwa wale wasaidizi wanne wanaosimama pamoja naye bila sababu.

Jambo ambalo sijaliona likifundishwa ni upepo. Alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na kwenye viwanja vya karibu na maji unavuma kweli. Benchi lililo upande upepo unakotoka, kila neno lake linakufikia. Lile la upande wa pili linaweza kuwa linakuchambua ukoo mzima na wewe unaliona kama watu wastaarabu. Timu zinabadilishana magoli kipindi cha pili, mabenchi hayahami. Kwa hiyo dakika 90 nzima unaweza kuwa na hisia kwamba timu moja ni wakorofi, na hisia hiyo ikaingia kwenye filimbi. Hapa mwulize mwamuzi msaidizi namba moja, ambaye kwa kawaida ndiye anayekimbia upande wa mabenchi. Mechi ndogo hazina mwamuzi wa akiba, hivyo yeye ndiye sikio lako. Kubalianeni kabla: maneno ya kawaida anayamaliza yeye kwa kuwageukia na kuwaonyesha kiganja; akiinua kibendera na kukitikisa, ujue limefika kwako.

Ukiitwa, nenda kwa kutembea. Subiri mpira utoke, hakikisha hauwezi kuanzishwa bila filimbi yako, kisha nenda hadi mstarini mikono ikiwa chini. Kidole kilichonyooshwa ndicho kitakachopigwa picha na simu zote. Mwite kocha peke yake. "Mwalimu, nimekusikia. Inatosha sasa." Geuka, ondoka. Akikufuata kwa maneno, jibu liko mfukoni.

Hapo kuna ugumu wa kwetu hasa. Kocha anaweza kuwa mzee wa rika la baba yako, pengine alikufundisha shule ya msingi, na anakuita "mwanangu". Shikamoo mpe, tena kwa heshima zote, ila mpe kabla ya mechi, na mpe kocha wa pili pia kama umri wake unastahili. Filimbi ikishalia, wote wawili ni "mwalimu". Ukimwita mmoja "mzee wangu" na mwingine "wewe kocha", benchi la pili limeshahesabu. Na mzee akikwambia "mwanangu, unanionyesha mimi kadi?" usibishane juu ya umri. Sema "ndiyo, mwalimu," andika, endelea. Makocha wa aina hiyo, nionavyo mimi, husamehe kadi haraka kuliko wanavyosamehe kujibizwa.

Tabia moja mbaya ya waamuzi wapya ni kutazama benchi baada ya kupuliza. Macho yanakwenda yenyewe, kutafuta kama wamekubali. Kila kocha mzoefu analisubiri jicho hilo. Liwekee kazi: ukipuliza tazama sehemu ya faulo, kisha mpira, kisha ukuta, kisha kibendera cha msaidizi. Fanya hivyo hata mazoezini, mkiwa waamuzi wenyewe kwa wenyewe, mmoja akichezesha na wengine wakiketi pembeni kumtukana kwa zamu. Ni mazoezi ya kuchekesha na yanasaidia kuliko mbio.

Na ukaribie tukio. Sauti ya benchi inakutikisa zaidi pale ulipokuwa mbali, kwa sababu na wewe una shaka. Penalti uliyoitoa ukiwa mita 12, kwa pembe nzuri, unaisikiliza kelele yake huku moyo umetulia. Ile ya mita 40 hata kunguru akilia unadhani anakupinga.

Malalamiko mengine yapeleke kwa nahodha. Ndiye wa kuzungumza nawe kwa niaba ya timu, na kocha akijua njia ni hiyo anapunguza kupiga kelele.

Ripoti andika siku hiyo hiyo, kabla ya kuondoka. Weka dakika, cheo cha aliyesema, na maneno yenyewe kama yalivyotoka, kwa lugha iliyotumika. "Dakika ya 67 kocha msaidizi wa timu ya ugenini alitoka eneo la ufundi na kusema, 'Refa umekula ngapi?'" inamtosha kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, na kamati. "Alinitukana vibaya sana" haimsaidii mtu, na kocha ataikana kirahisi. Usiongeze ulivyojisikia.

Ukichezesha kisiwani Ukerewe hili lina uzito wa pekee, kwani kurudi ni meli ya Nansio, na timu ya Mwanza iko humo humo, na kocha uliyemtoa anaweza kukaa kiti cha pili. Msalimie. Soda akikununulia, kataa kwa adabu, hata kama umechoka na jua. Akianza "lakini ile faulo," mwambie yaliyotokea yako kwenye ripoti, kisha muulize habari za nyumbani. Karatasi yenyewe iwe imeshasainiwa na kukabidhiwa kwa kamisaa, na picha yake iko kwenye simu yako.