Hata mkono una kiatu chake: maswali yenu ya Kijerumani cha nguo

Kamusi inasema Handschuh ni glavu. Hand si mkono, na Schuh si kiatu?
Ndiyo, kiatu cha mkono. Mjerumani akikosa neno huunga mawili aliyonayo. Hausschuh ni kiatu cha nyumbani, yaani ndara za ndani.

Nisemeje "suruali yangu ni chafu"? Kwa Kiingereza suruali huwa nyingi.
Achana na Kiingereza, hapo kitakupoteza. Sisi tunasema suruali moja, Wajerumani nao eine Hose. Basi "meine Hose ist schmutzig", umoja mtupu, na zikiwa mbili ni zwei Hosen. Wengi mnapitia Kiingereza kwenda Kijerumani, mnalipa nauli mara mbili.

Weste ni vesti?
Swali hili linanihusu. Niliwahi kutafsiri maelezo ya suti ya bwana harusi, nikaandika "koti, suruali na vesti". Fundi akaniuliza kama bwana harusi atasimama mbele ya watu na nguo ya ndani. Weste ni kizibao, kile chenye vifungo kinachovaliwa chini ya koti. Vesti yetu, ile ya kunyonya jasho, kwao ni Unterhemd: shati la chini. Na mkiona Rock kwenye lebo ni sketi, si jiwe wala muziki.

Tragen ni kubeba au kuvaa?
Yote mawili. "Ich trage eine Jacke" ni nimevaa jaketi. Kama umelining'iniza mkononi, taja mkono. Ila kitendo chenyewe cha kuvaa ni anziehen, na hakifai kila kitu: kofia na miwani ni aufsetzen, tai ni umbinden. Msishangae, hata sisi tai tunafunga na mtandio tunajitanda.

Khanga niitafsirije?
Usiitafsiri. Wickeltuch, kitambaa cha kujifunga, kinaeleza umbo tu. Doti inapotea, pindo linapotea, na jina lile ambalo jirani amekununulia vita nalo halisikiki kabisa. Andika Kanga, kwa herufi kubwa kama nomino zote za Kijerumani, kisha eleza kwa sentensi moja.

Mwaliko umeandikwa Smoking. Niende na sigara?
Nenda na suti nyeusi na tai ya kipepeo.