Mama anayemzidi mchawi akili: msomee mtoto, ila angalia mchawi kachorwaje

Mleta mada, umeuliza kama uendelee kumsomea binti yako wa miaka mitano kile kitabu cha picha cha mama aliyemzidi akili mchawi akawakomboa wanawe. Tangu akione hataki kulala peke yake, na mama mkwe wako anasema kichomwe moto. Mimi nafundisha chekechea hapa Tanga, Makorora, na hadithi za namna hii ndizo watoto wanazoziomba kila siku. Usikichome. Msomee, tena umfikishe mwisho.

Wazazi wengi hukatisha njiani. Wakifika pale mchawi anapowanasa watoto, mtoto analia, kitabu kinafungwa, "haya, tulale". Sasa huyo kalala na watoto walionaswa, mama hajamwona akija. Kama muda hautoshi bora usianze kabisa, mpe ya sungura.

Na mama mkwe asidhani ni mambo ya kuletwa. Marehemu bibi yangu, mtu wa Pangani, alikuwa na ya zimwi: mama anawafungia wanawe ndani, anawafundisha wimbo, asiyeuimba asifunguliwe. Zimwi limejibanza nyuma ya nyumba linasikiliza. Linakuja kuimba, sauti nzito, watoto wanagoma. Linakwenda kuilainisha, linarudi. Wajerumani nao wana yao, ndugu wawili Grimm waliichapisha mwaka 1812: mbuzi na wanawe saba. Mbwa mwitu anakula chaki sauti iwe nyororo, anapaka unga mguuni uwe mweupe kama wa mama mbuzi. Anameza sita, kitinda mimba kajificha ndani ya saa kubwa ya ukutani. Mama anamkuta mwizi kalala, anampasua tumbo, anawatoa wazima na kumjaza mawe. Kote huko mwovu anafanya kazi moja, kujifanya mama, na mama anashinda bila nguvu wala dawa. Anawajua wanawe, naye anatumia akili yake.

Ukifika hapo, weka kitabu magotini umuulize: "Wewe mama atakujuaje?" Darasani kwangu mmoja alisema kwa kovu la goti. Mwingine alisema mama yake anamjua kwa kitunguu, maana hakili. Anakitoa kwenye wali kipande kimoja kimoja na kukipanga ukingoni mwa sahani. Basi darasa zima likawa la kueleza mama zao wanawajulia wapi, kila mmoja anataka asikilizwe. Mchawi hakuulizwa tena siku ile.

Kinachonisumbua mimi ni michoro. Mchawi wa vitabu vya Ulaya ana kofia nyeusi ndefu na pua ya kutisha, mtu ambaye mtoto wa Tanga hatakutana naye barabarani. Wachoraji wetu wamemvua kofia wakamvika khanga, wakamwachia mgongo uliopinda, mapengo, mkongojo na macho mekundu. Huyo yuko kila mtaa. Mtoto mmoja baada ya kuona picha kama hiyo alimwonyesha kidole bibi anayekaanga mihogo nje ya geti letu: "Mwalimu, mchawi yule!" Bibi alisikia. Aliendelea kugeuza mihogo yake, hakumjibu.

Siwezi kuliita hilo utoto. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na moja ya "dalili" imekuwa hayo macho mekundu. Ni moshi ule! Moshi wa kuni na wa samadi kavu, wa miaka yote waliyopika kwenye majiko yasiyopitisha hewa wakilea watoto na wajukuu. Mtoto wa miaka mitano hazaliwi akijua mchawi ana sura gani. Sisi ndio tunampa sura hiyo.

Kwa hiyo nachora mwenyewe, kwenye manila. Mchawi wangu hana umri. Amevaa kanzu safi, anatabasamu, na chini ya kanzu zinachungulia kwato, kidogo tu. Maneno ya ukurasa ule hayazitaji kwato. Anayeziona kwanza anapiga ukelele, na kuanzia hapo watoto wamemjua mchawi kabla mama hajamjua, wanamwonya kwa sauti zote. Mama nimempa khanga ya kisutu tangu mwanzo hadi mwisho, ili hata kwenye picha yenye giza mtoto aone ule wekundu pembeni ajue mama yupo njiani.

Kwa binti yako, mrudishie kitabu mchana, siyo usiku, na mpe yeye kazi ya kufungua kurasa. Atazikimbiza za mchawi, mwache azikimbize. Halafu mwombe mama mkwe amhadithie ya kwake, ile ya zimwi au yoyote aliyolelewa nayo, kwa paukwa na pakawa, mtoto akiwa mapajani mwake. Aliyesikia habari za mchawi akiwa amekumbatiwa na bibi yake si rahisi kumwogopa bibi wa jirani.

Na kama unaweza, tupia hapa picha ya ukurasa ambao mchawi anaonekana vizuri. Nikishauona nitakuambia kama ni wa kumwonyesha hivyo hivyo au tumchoree mwingine.