Kwa nini Mungu haonekani kwenye mchoro wa uumbaji

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye mchoro wako wa zamani wa uumbaji Mungu haonekani, bali kuna wingu linalong'aa lenye herufi ngeni. Hizo ni herufi nne za Kiebrania za jina la Mungu, zinasomwa kutoka kulia. Biblia ya Luther, mwanamageuzi Mjerumani, ya 1534 bado ilimwonyesha Muumba kama mzee mwenye ndevu juu ya dunia. Wafuasi wa Calvin, tawi jingine la Waprotestanti, waliona hilo linavunja amri ya kutochonga sanamu, ndiyo maana mchongaji wa picha Matthäus Merian, kwenye michoro yake ya Biblia, akaweka jina badala ya uso.

Kinachonivutia zaidi ni mwanga wenyewe. Kwenye bamba la shaba la kuchapia michoro kama hii, fundi huchonga mistari inayobeba wino, nyeupe haichapishiki. Kwa hiyo nuru ya Mungu ni karatasi tupu, mahali ambapo chuma cha kuchongea hakikugusa bamba kabisa. Kwangu hilo linasema mengi kuliko ndevu zozote.

Tafuta pia kitabu cha Robert Fludd, tabibu Mwingereza, kilichotoka Oppenheim, Ujerumani, mwaka 1617. Humo giza la kabla ya uumbaji ni mraba mweusi, na kila upande umeandikwa kwa Kilatini "na hivyo hadi pasipo mwisho". Mchoro mwingine humo una njiwa akizunguka giza na kuacha duara la nuru: ni Roho wa Mwanzo 1:2.

Ukikuta pembetatu kwenye wingu lako, hiyo ni Utatu.