Kabla ya dawa ya minyoo, pima joto

Wewe unayeanza kazi ya kutunza mijusi hapa Mombasa, shika hili kwanza: mjusi akizubaa na kususia chakula, usikimbilie dawa ya minyoo. Pima joto la kizimba. Mjusi huota joto ndipo mwili wake ufanye kazi, kuanzia kusaga chakula hadi kupambana na maradhi. Kenge akipoa, chakula humwozea tumboni.

Utaniuliza, Mombasa hii baridi itoke wapi? Ngoja Julai, kusi ivume na mawingu yatande. Asubuhi sakafu ya saruji iliyo kivulini huwa nyuzi 22 hivi, ilhali kenge anataka mwili ufike karibu nyuzi 35. Mpe pa kuota chini ya taa upande mmoja, kivuli na maji upande wa pili, achague mwenyewe. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake huko Marekani waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani, wakawaweka katika viwango mbalimbali vya joto. Waliokaa kwenye nyuzi 40 na 42 walinusurika wengi kuliko wale wa 34. Mjusi huifuata homa kwa miguu yake, yaani akiugua huenda mwenyewe penye joto, basi ukimwona haondoki chini ya taa kutwa nzima, andika daftarini na umwite daktari.

Lakini usingoje dalili hiyo kwa minyoo. Hiyo itafute kwenye choo. Porini mjusi hunya akaenda zake. Kizimbani anakanyaga choo kilekile, analamba, anameza mayai upya, na minyoo inazidi kila wiki. Ondoa choo kila siku, hata ukiwa umechoka. Kikiwa bado kibichi, chukua kidogo, koroga kwenye maji ya chumvi nyingi, chuja, funika kwa kigae chembamba cha kioo: mayai huelea na kunasa hapo, kisha utayaona kwa hadubini. Mayai machache kwa mjusi mnene, mchangamfu, mimi hayanitishi. Shina la mkia likikonda, hapo natishika.

Mkague pia makwapani na kwenye matundu ya masikio, utitiri hujificha huko kama vumbi jekundu. Kenge mtazame puani, kupe hupapenda.

Dawa iwe ya daktari wa mifugo, na mjusi apimwe uzito siku hiyohiyo. Ivamektini, mojawapo ya dawa za minyoo, huua kobe, kwa hiyo sindano na ndoo za kenge zisivuke kwenda upande wa kobe kamwe.