Maiki za kwaya zimefifia: je, zimekufa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Tanga. Tuna maiki nne za waya, Shure SM58, na moja ya kondensa ya kurekodia. Kila baada ya ibada tunazifuta, tunazifunga kwenye mifuko ya nailoni na kuziweka kabatini. Sasa zile nne zimefifia, na ya kondensa inachakacha hasa siku za mvua. Tununue nyingine?

JIBU: Mwalimu, subiri kwanza. Nailoni hiyo ndiyo inayowaumiza. Maiki iliyotoka mdomoni mwa mwimbaji imejaa unyevu wa pumzi; ukiifunga papo hapo, unyevu huo hauna pa kutokea, na joto la Pwani linamalizia kazi.

Anza na hizo nne. Shika maiki kichwa kikitazama chini ili uchafu usidondokee ndani, kisha fungua wavu kwa mkono. Umefungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Ndani ya wavu utakuta sponji. Inuse. Ya kwanza niliyofungua kanisani kwetu ilikuwa imegandamana kwa mate na rangi ya midomo, ngumu kama ukoko wa ugali. Sauti ingepita wapi? Osha wavu na sponji yake kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki wa zamani, kisha uache ukauke usiku kucha. Usiurudishe ukiwa na unyevunyevu. Maiki yenyewe isiguse maji, wala usipulizie spiriti kwenye kapsuli, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa sauti.

Ya kondensa usiioshe kabisa. Ndani yake kuna kiwambo chembamba mno chenye chaji ya umeme, na unyevu ukiingia chaji inavuja. Ndiyo mchakacho unaousikia. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikishiba havifanyi kazi tena, kwa hiyo vibadilishe. Mchele usiweke, una vumbi.

Kuanzia sasa, baada ya ibada ziache maiki wazi saa moja au mbili kabla ya kuzihifadhi. Na tafadhali wakataze vijana kuzipiga vichwani au kuzipuliza wanapozijaribu. Waseme neno tu, inatosha.

Ukishaosha na SM58 moja bado ikawa hafifu, jaribu waya mwingine kwanza. Ikibaki vilevile, kapsuli yake huuzwa peke yake, na fundi anaibadilisha.